Mshauri Asiyeogopa Mashahidi

Lamadi haijawahi kukosa watu wa kumwelekeza mwenzao. Ni mji wa njia panda: lami ya kutoka Mwanza inapita hapa kwenda Bunda, Musoma hadi Sirari, na lami ya Bariadi inachepuka hapa hapa kuelekea kusini, kilomita 70 na ushei. Upande mmoja kuna ziwa na dagaa walioanikwa, upande mwingine lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Kwenye mabasi hushuka wanunuzi wa samaki, madalali wa pamba, wahubiri wenye vipaza sauti, wauza dawa za asili na mawakala wa biashara za kuunganishana. Miaka ya karibuni ameongezeka mgeni mwingine ambaye hahitaji hata basi, kwa kuwa anaingilia kwenye simu. Huyo ni kocha wa maisha. Anaahidi kukuonyesha kusudi lako, kukutoa ulipokwama na kukupa mbinu za kufanikiwa. Ada yake hulipwa kwa simu, kabla ya kikao.

Sina ugomvi naye. Kijana wa leo wa Lamadi anakutana na maamuzi ambayo babu yake hakuyajua. Auze ng'ombe wa urithi anunue bodaboda? Aache chuo aingie kwenye biashara ya mabondo ya sangara? Binti aliyemaliza kidato cha nne aende Oman kufanya kazi za ndani, au abaki afungue saluni? Haya si mambo ya kuamua peke yako usiku ukiwa umelala chali unatazama bati. Kutafuta mtu wa kukaa naye ni akili, si unyonge. Kuuliza si ujinga. Kazi iko kwenye kumchagua huyo wa kuulizwa.

Wazee wa Usukuma hawakutuachia kitabu cha namna ya kumchagua mshauri. Walituachia desturi, na ukizitazama kwa makini utaona zinarudi kwenye jambo moja. Ushauri uliaminiwa ulipotoka kwa mtu ambaye maisha yake yanajulikana, ambaye angeweza kubishiwa, na ambaye angebaki pale pale kuona matokeo ya maneno yake. Kwa kifupi, ushauri ulikuwa na mashahidi.

Tuanze na shikome. Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, wanaume wa kaya walikaa kuzunguka moto uani. Chakula chao kililetwa hapo. Wavulana walikaa pembeni wakisikiliza hadithi, vitendawili, majina ya ukoo na mashauri yaliyosikilizwa mchana. Hapo ndipo mtu alipofundishwa kuishi. Sasa mtazame mwalimu mwenyewe. Guku, yaani babu, alipozungumza juu ya ufugaji, ng'ombe wake walikuwa hatua chache nyuma yake, na kila mtu alijua idadi yao na nani alimdai. Alipozungumza juu ya ndoa, waliokaa naye walijua ndoa yake ilivyokwenda. Alipotia chumvi, ndugu yake alikohoa. Na shauri lake lilipomharibia kijana, matokeo yalirudi kwenye moto ule ule: kijana aliyefilisika alikuwa wa kaya ile, na ng'ombe wa kumwinua tena wangetoka katika zizi lile. Mzee hakushauri kwa mali ya mtu wa mbali. Alishauri kwa mali yake mwenyewe.

Wasichana nao walikuwa na bibi zao, waliowafunda mambo ya nyumba, mwili na heshima. Hata hayo ya faragha yalikuwa mikononi mwa mtu ambaye mji mzima ulimjua. Na vijana walipolima kwa ushirika, shamba la huyu leo na la yule kesho, waliongozwa na nsumba ntale, kijana mwenzao waliyemchagua wenyewe. Hakuteuliwa kwa maneno matamu. Walikuwa wamemwona akilima juani, wakaona anavyogawa chakula na anavyoamua ugomvi. Kabla ya kuwaongoza alikuwa amekwisha kuonekana.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kocha wa maisha si lile la vyeti vyake. Muulize: nani anakujua? Simaanishi wafuasi wake kwenye simu. Namaanisha mke au mume, jirani, mtu aliyefanya naye biashara, mtu aliyemkopesha. Anayekufundisha kuweka akiba ana madeni kiasi gani, na anayalipaje? Anayefundisha ndoa, nyumbani kwake wanasemaje? Hutafuti malaika. Mganga hajigangi, na mtu aliyeachika anaweza kuwa na mengi ya kukufundisha juu ya ndoa kama atakwambia wazi kwamba aliachika na kwa nini. Unachotafuta ni kama maisha anayokusimulia ndiyo maisha anayoishi.

Hapa pana mtego ambao wengi hunasa. Makocha wengi huanza na habari ya mateso yao: nililala stendi, nilikula mlo mmoja kwa siku, leo nina gari na nyumba. Habari hiyo inagusa moyo, na huenda ni ya kweli. Lakini tazama walivyofanya bayeye. Hawa walikuwa chama cha wataalamu wa nyoka katika Usukuma, watu walioshika swila na kifutu kwa mikono, wakacheza nao ngomani, wakajua dawa za kumtibu aliyeumwa. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kwenye barabara hii hii inayokuja Lamadi, utaona kumbukumbu zao. Mwanafunzi aliingia chini ya mkubwa wake, akachanjwa dawa, akafundishwa miti na mizizi kabla ya kuachiwa nyoka. Mkubwa huyo hakuheshimiwa kwa sababu aliwahi kuumwa. Kuumwa na nyoka kunaweza kumpata yeyote anayetembea porini. Aliheshimiwa kwa sababu watu wengine walioumwa waliletwa kwake, wakapona, mbele ya kijiji.

Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga. Nami naongeza: aliyepoa naye usidhani anajua kuponya. Mtu anaweza kutoka kwenye umaskini kwa jitihada, kwa bahati, kwa mjomba aliyekuwa na cheo, au kwa vyote vitatu, na asijue kipi kilimtoa. Habari yake ni ushahidi wa maisha yake. Ushahidi wa kazi yake ni wengine. Uliza: umewashika mkono watu gani, na sasa wako wapi? Kisha watafute, na miongoni mwao awepo mmoja aliyeacha katikati. Aliyeridhika atakueleza uzuri wa mwalimu, na aliyeacha atakueleza mipaka yake. Kama kocha hawezi kukuonyesha hata mmoja aliye tayari kuzungumza nawe, rudi nyumbani na fedha yako.

Pengine mtu atasema, huyu ana watu laki tano wanaomfuata, hao nao si mashahidi? Hapana. Umati si shahidi. Wasukuma wanaijua tofauti hii vizuri, maana wana mashindano ambayo mshindi wake huamuliwa na umati. Bagika na Bagalu, zile jamii mbili za wacheza ngoma, husimama kila moja upande wake na kucheza kwa wakati mmoja, na inayovuta watu wengi ndiyo iliyoshinda. Kila mbinu ya kuvuta macho huruhusiwa: nyoka, fisi, vinyago, sarakasi, dawa za mvuto. Kipimo hicho kinafaa kwa ngoma. Lakini hakuna mzee aliyeamua ndoa ya mwanawe kwa kutazama ni upande gani wa uwanja umejaa. Wingi wa watazamaji unakwambia kwamba mtu anajua kutazamwa, basi.

Taifa zima lilijifunza jambo hili mwaka 2011, huko Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 tu, na magari yakapanga foleni ya kilomita na kilomita, kutoka kila mkoa na nchi jirani. Walikwenda maskini, na mawaziri nao walikwenda. Wapo waliofia kwenye foleni. Kila aliyefika aliona maelfu waliomtangulia, akajiambia kwamba watu wote hawa hawawezi kukosea. Ila wale maelfu nao walikuwa wamefika kwa kuona maelfu. Hakuna aliyekuwa ameshuhudia, kila mmoja alikuwa amefuata. Na bei ndogo nayo ikawa hoja: angekuwa tapeli angetoza zaidi. Bei ndogo inaonyesha kwamba mtu hataki fedha zako nyingi. Haionyeshi kwamba dawa yake inatibu. Bei kubwa nayo vivyo hivyo, ingawa siku hizi kuna makocha wanaotaka uamini kwamba ada ya laki nane ni dalili ya maarifa ya laki nane.

Nisije nikaeleweka kwamba kila cha zamani kilikuwa chema. Penye wazee haliharibiki jambo, tunasema, lakini katika ardhi hii hii ya Usukuma yameharibika mambo mbele ya wazee, tena kwa ushauri. Tunaijua ramli chonganishi. Mtu amefiwa na mtoto, au ng'ombe wamekufa, au duka halina wateja. Anakwenda kwa mpiga ramli, usiku, peke yake. Anaambiwa: aliyekufanyia hivi ni mwanamke mzee, jirani yako, mwenye macho mekundu. Macho ya bibi yule yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini ya kupikia kuni na samadi. Akauawa kwa mapanga. Wengine waliambiwa kwamba utajiri uko katika kiungo cha mtu mwenye ualbino, na Kanda ya Ziwa ikabeba aibu ambayo dunia nzima iliisikia. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Angalia ni nini kilikosekana katika ushauri ule. Haukutolewa mbele ya watu. Haukuweza kubishiwa. Aliyeutoa hakubeba matokeo: aliyeshika panga ndiye aliyefungwa, bibi ndiye aliyekufa. Na badala ya kumpa mteja kazi ya kufanya, ulimpa adui. Hiki ndicho kipimo ambacho ningemwomba kila kijana akishike kuliko vyote. Mshauri akikupa adui kabla hajakupa kazi, ondoka. Leo adui huyo havai macho mekundu. Anaitwa "watu wenye mawazo hasi", "ndugu wanaokurudisha nyuma", "marafiki wasio na ndoto". Kocha anakwambia ujitenge nao ili ufanikiwe. Wapo ndugu wa kuwawekea mipaka, ni kweli. Lakini anayekutenga na mama yako, na shangazi yako, na rafiki anayethubutu kukwambia umepotea, amewaondoa mashahidi wa aina zote mbili: wanaokujua wewe, na wanaoweza kumhoji yeye. Ukibaki naye peke yake, kila anachosema kitakuwa kweli.

Mkoa huu wa Simiyu ni wa pamba, nao una historia inayofaa kukumbukwa hapa. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipopeleka pamba yao kwa wanunuzi enzi za mkoloni, walirudi na manung'uniko yale yale kila msimu: mizani inaiba. Mkulima alijua uzito wa mzigo alioubeba kichwani, kisha akaona mshale unasimama mahali pengine. Angeweza kususa kuuza, lakini kodi na ada vingelipwa na nini? Angeweza kumwamini mnunuzi mpole zaidi kuliko wengine, lakini upole haubadilishi mshale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakachukua njia ya tatu. Waliweka watu wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani na kuhakiki upimaji. Juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, zilizaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama hivyo, Victoria Federation of Co-operative Unions. Ushirika ukaichukua biashara ya pamba kutoka mikononi mwa wanunuzi binafsi. Miaka ilipokwenda, mizani na vitabu vya ushirika navyo vikaanza kulalamikiwa na wanachama wenyewe, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Funzo halikubadilika: hata mizani uliyoijenga mwenyewe inahitaji mtu wa kusimama kando yake.

Basi mshauri umpime kwa namna hiyo. Usimsuse, usimwabudu, simamisha mtu kando ya mizani. Nenda na mwenzako kwenye kikao cha kwanza: dada, kaka, rafiki mwenye jicho kali. Kocha mwaminifu hatakasirika. Mwambie aandike, hata kwenye karatasi ya daftari, ni kitu gani atafanya, vikao vingapi, kwa shilingi ngapi, na mtajuaje kwamba kazi imekwisha. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtu anayelipwa kwa mwezi bila mwisho atavutia kwenye mwezi unaofuata. Uliza kama analipwa na mtu mwingine pia kwa kukushauri: kama analipwa kwa kila kijana anayempeleka nje ya nchi, kwa kila kiwanja unachonunua, kwa kila mtu unayemwingiza kwenye biashara ya mtandao, huyo ni dalali. Udalali ni kazi halali mradi mtu ajue anazungumza na dalali.

Wale waliopoteza akiba zao katika mchezo wa fedha wa DECI wanalijua hili. Watu walihimizwa "kupanda mbegu", yaani kutoa fedha, ili baadaye wavune maradufu, na miongoni mwa waliohimiza walikuwamo watumishi wa Mungu. Serikali ilipoufunga mchezo huo mwaka 2009, maelfu walikuwa bado wanangoja mavuno, na viongozi wake baadaye walitiwa hatiani. Wengi walioingia walikuwa watu wenye akili timamu. Walichokosa ni mtu mmoja kando ya mizani wa kuuliza: hii faida inatoka wapi?

Hapo mtu makini atapinga: mambo yangu ni ya siri, nitayasemaje mbele ya mashahidi? Amepinga vizuri. Jibu ni kwamba siri ni yako, mashahidi ni wake. Unayomweleza yafungwe kifuani mwake. Namna anavyofanya kazi iwe wazi kwa wote. Bibi aliyemfunda binti hakutangaza mambo ya binti kisimani, lakini kila mtu alijua bibi huyo ni nani. Ogopa anayegeuza jambo hili, anayesimulia jukwaani habari za wateja wake ili watu walie, huku yeye mwenyewe haulizwi chochote. Akikusimulia ya mwenzako leo, yako yatasimuliwa Bariadi kesho.

Haki inanidai niseme pia kwamba kazi hii, ikifanywa sawasawa, ina adabu zake ambazo wazee wangezipenda. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, lina kanuni zinazomtaka kocha atunze siri, aeleze makubaliano tangu mwanzo, na ampeleke mteja kwa mtaalamu mwingine jambo linapomzidi. Vyeti vyake hutolewa kwa ngazi, na ngazi ya kwanza inadai angalau saa 100 za kuwaongoza watu, ya pili 500, ya tatu 2,500. Hizo ni saa za kazi na watu, si za kukaa semina. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti, muulize kimetolewa na nani na kwa saa ngapi. Daktari ana baraza lake, wakili ana chama chake. Kocha wa maisha anaweza kujiita hivyo leo asubuhi na jioni akawa na mteja.

Tena kocha mzuri hufanya jambo ambalo mzee mwenye busara alilifanya sana: huuliza. Kijana alikwenda kwa mzee akitaka kuambiwa amwoe nani, akarudi na maswali. Mama yake anaishi vipi na majirani? Ulimwona akikasirika? Wewe mwenyewe unakasirikaje? Akayabeba maswali hayo njiani, na alipofika nyumbani uamuzi ulikuwa wake. Mshauri anayekujaza majibu katika nusu saa ya kwanza hajakusikia bado. Anakupa majibu aliyokuwa nayo kabla hujafika.

Ni vizuri pia kujua ni nini hasa kinakusumbua, ili usimpelekee fundi kazi isiyo yake. Kama hulali wiki nzima, huli, na unawaza kujidhuru, huhitaji mhamasishaji wa kukwambia uamke saa kumi alfajiri. Unahitaji hospitali, na mtu wa kukusindikiza leo, asikuache peke yako. Ukipigwa nyumbani, kuna dawati la jinsia polisi na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kiwanja kikiwa na mgogoro, tafuta mwanasheria. Kikundi chenu kikitaka mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii, ambaye hatozi ada. Shamba la pamba likishambuliwa na wadudu, kuna afisa ugani. Na kama unataka kuanzisha kazi ya mikono, kijana aliyeianza kabla yako atakufaa kuliko bingwa wa mambo yote. Kule Maswa, mkoani mwetu humu, vijana walitengeneza chaki za shuleni. Anayetaka kujua biashara ya kiwanda kidogo ilivyo, na inavyokwama, akae siku moja na watu wa aina hiyo. Kocha anakuja baada ya hao, pale unapojua la kufanya lakini hulifanyi, au una njia mbili halali na hujui moyo wako uko wapi. Hapo msaada wake ni wa kweli.

Lamadi, kwa kuwa ni mji wa wapita njia, inatuzoesha kumheshimu anayetoka mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumkaribishe, tumsikilize, pengine ameona tusichokiona. Lakini tukumbuke kwamba atapanda basi la jioni. Mwalimu mstaafu aliyesomesha nusu ya mtaa, mama aliyeongoza kikundi cha kuweka na kukopa miaka mingi bila hesabu kupotea, fundi aliyefundisha vijana na wote wana karakana zao, hao watabaki. Hawajiiti makocha, na huenda hawana maneno ya kupendeza. Ukiwaendea kwa heshima, na kwa swali lililoiva, wengi watakupa saa moja. Anza nao. Ukiona jambo limewazidi, ndipo utafute wa kulipwa, na wao wenyewe wawe wa kwanza kumkagua.

Ukishampata mtu wako, yapo yanayokupasa wewe. Mwambie ukweli wote, hata unaokuaibisha, maana ushauri juu ya nusu ya habari ni ushauri wa mtu mwingine. Jaribu kwanza kwa kidogo: kabla ya kuuza ng'ombe watatu, uza mmoja. Usibadilishe washauri mpaka umpate atakayesema ulichokwisha kuamua. Na akili za kuambiwa changanya na zako, kwa sababu siku mambo yakienda mrama, wewe ndiye utakayekuwa na maisha hayo. Mwaka ukipita, jiulize kama unamhitaji kuliko mwanzo au pungufu. Nsumba ntale mwema aliacha vijana wanaojua kulima. Hakuacha vijana wasioweza kushika jembe mpaka aje.

Yote haya yanasimama juu ya nguzo moja, nayo ni wajibu wetu sisi tuliokwisha kushauriwa. Nimesema mtafute aliyeshauriwa kabla yako. Je, akija mtu kukuuliza wewe, utasema? Wengi waliopoteza fedha kwa mshauri mbaya hunyamaza, kwa aibu, wasichekwe kwamba mtu mzima na akili zake alidanganywa. Aibu ya aliyedanganywa ndiyo mtaji wa anayedanganya. Na waliosaidiwa vizuri nao hunyamaza, kwa kiburi, ili ionekane walifika peke yao. Wote wawili wanamnyima jirani shahidi. Basi ukiulizwa, sema: nilikwenda kwa fulani, nililipa kiasi hiki, alinifaa kwa hili, hakunifaa kwa lile. Mji ambao watu wake wanaweza kusema hivyo waziwazi hautaogopa kocha yeyote anayeshuka kwenye basi, na makocha wema watapenda kushukia hapo.